Piano ya zamani Lubumbashi: mvua itakudanganya

Yaya, umesema mtoto ana miaka tisa, anapiga kinanda cha korali, na kuna familia inayohama inauza piano ya mbao, ile ya kusimama, kwa dola 500. Unauliza uichukue ama uongeze kidogo ununue ya umeme. Mimi nimenunua zote mbili. Ile ya mbao ilinipumbaza, kwa hiyo naanza nayo.

Ilikuwa mwezi wa pili, 2015. Niliipata katika moja ya nyumba za zamani za mjini, zile za wakati wa Wabelgiji, zenye baraza kubwa mbele. Mvua ilikuwa inapiga kila siku. Nikakaa, nikapiga zaburi mbili, sauti tamu, vibonye vyote 88 vinaitika. Sikuuliza neno. Nikalipa dola 650 na vijana sita wa kubeba, maana piano ya kusimama ina kilo 200 hadi 300, na haisukumwi kwa vile vigurudumu vyake vya chini. Vile ni vya kuisogeza sebuleni tu.

Kufika mwezi wa nane ilikuwa inalia kama mabati. Nikamwita mzee anayerekebisha piano za paruwasi. Akaikaza asubuhi nzima. Wiki mbili baadaye imeshuka tena. Aliporudi akafungua kifuniko cha juu, akaweka ufunguo wake kwenye kigingi kimoja kinachoshika uzi, akakizungusha kwa vidole viwili tu, akaniangalia. Hakuhitaji kusema.

Ndani ya piano kuna nyuzi za chuma kama 230, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu inayokaribia tani 18 au 20. Fremu ya chuma inabeba mzigo huo, lakini kila uzi umefungwa kwenye kigingi cha chuma kilichopigiliwa ndani ya gogo la mbao. Hakuna skrubu wala gundi. Kigingi kinashikwa na mbao peke yake. Sasa fikiria hali ya hewa yetu: miezi ya mvua mbao inakunywa unyevu, inavimba, inabana. Kisha kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa haidondoki hata tone, vumbi jekundu kila mahali, usiku wa Julai tunavaa makoti, na mbao inasinyaa. Ule ubao mkubwa wa nyuma unaotoa sauti nao unafanya hivyo hivyo: ukivimba sauti inapanda, ukikauka inashuka, na ukikauka kupita kiasi unapasuka. Piano yangu ilikuwa imeshikwa na mvua. Mvua ilipoondoka, ikaachia.

Ndiyo maana nasema piano ya mbao Lubumbashi inajaribiwa mwezi wa nane au wa tisa. Ikiwa sawa wakati huo, ni sawa. Lakini sasa tuko mwezi wa tatu na wenyewe wanahama, hawatakungojea. Basi nenda na mtu mwenye ufunguo wa kukazia nyuzi, ajaribu vigingi kumi au kumi na tano, hasa vya katikati. Kila kimoja kiwe kigumu, kimlazimishe kutumia mkono. Vikiwa laini wakati huu wa mvua, ondoka, hata wakikushushia mpaka dola 100.

Chukua pia simu yenye programu ya kupima sauti, piga noti ya la (A) ya katikati. Inatakiwa isome 440 Hz. Ukikuta 415, piano nzima imeshuka nusu toni: mtoto hataweza kupiga pamoja na gitaa wala tarumbeta, na kuipandisha kwa siku moja ni kukata nyuzi zilizozeeka. Mwulize mwenye nyumba ilikazwa mara ya mwisho lini. Akicheka, umeshapata jibu.

Kisha piga magoti, toa ule ubao wa chini, washa tochi. Mchwa. Hapa kwetu mchwa hauulizi kama hii ni piano au ni mlango. Ukiona vijia vya udongo au unga wa mbao, funga, aga, nenda. Juu, angalia vinyundo: sufu yake ikiwa na mifereji mirefu kwa kupigwa na nyuzi, au imeliwa na nondo, hiyo ni gharama nyingine, na vinyundo vipya utavitafuta nje ya nchi. Rangi iliyokwaruzwa wala isikusumbue.

Jina la mbele nalo lisikupumbaze. Yamaha ya Japani iliyotunzwa ni kitu kizuri, lakini jina la Ulaya la dhahabu juu ya gogo lililokauka ni pambo tu. Namba iliyopigwa kwenye fremu ndani inaweza kukueleza mwaka iliotengenezwa, ipige picha.

Ya umeme, sasa. Kwa mtoto wa miaka tisa na mfuko wako, mimi ningeanzia hapo, na silisemi kwa dharau. Sharti langu ni moja: vibonye 88 vyenye uzito, vinavyorudisha mkono kama vya piano ya kweli. Piga polepole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, hicho ni cha kuchezea. Vile vyenye vibonye 61 vyepesi ndivyo alivyozoea kwenye korali, vidole vyake vitabaki hivyo hivyo.

Geuza kifaa usome nyuma, au kwenye adapta. Ikiandikwa 100-240V, chomeka. Ikiandikwa 100V peke yake, imetoka Japani. 120V, imetoka Marekani, na ukutani kwetu ni 220. Mpwa wangu alichomeka moja bila kusoma. Tulisikia harufu kabla ya sauti. Na kuranti inapokatika, toa waya ukutani usubiri irudi na itulie, maana ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua.

Ukiamua ya mbao, iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha la jua na moto wa makala. Wakati wa kiangazi mimi naweka chupa ya mdomo mpana yenye maji ndani, sehemu ya chini, mbali na pedali, nayaongeza kila Jumamosi.

Ufunguo wa kukazia ninao. Ukizungumza na hiyo familia wakukubalie, tupite Jumamosi asubuhi, nijaribu vigingi kabla hujatoa hata dola moja.