Maswali ya Wasomaji: Bingwa wa Kamba Aliyeongoza Nyambizi

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Raymond Bass wa Marekani, bingwa wa Olimpiki katika jimnastiki, aliacha michezo ndipo akawa ofisa wa jeshi la wanamaji. Je, ni kweli? Na alishinda kwa kifaa gani?

JIBU: Ndugu msomaji, watu na matukio ni ya kweli, ila mfuatano wake umegeuzwa. Bass alihitimu Chuo cha Wanamaji cha Marekani kilichoko Annapolis mwaka 1931, kwa hiyo aliposhinda dhahabu Los Angeles mwaka 1932 alikuwa tayari amepitia mafunzo ya uofisa.

Kifaa chenyewe ni kamba, na vijana wa leo hawataikuta katika Olimpiki, kwani mashindano hayo ya 1932 ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Mshindani aliikwea kamba ya mita 8 akipimwa kwa saa. Bass alifika juu kwa sekunde 6.7, William Galbraith akafuata kwa 6.8, na Thomas Connolly akawa wa tatu kwa 7.0. Walioshindana walikuwa watano tu, Wamarekani hao watatu na Wahungari wawili, lakini sioni kwamba uchache huo unaupunguzia ushindi wao thamani: kujivuta mwendo wa zaidi ya mita moja kwa sekunde si jambo dogo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba wote watatu walilelewa na chuo kilekile cha Annapolis. Kukwea kamba kulikuwa kazi ya baharia tangu enzi za merikebu za matanga, na hapo ndipo ninapoona uhusiano wa mchezo huu na jeshi lao.

Wakati wa vita Bass alikabidhiwa nyambizi iitwayo Plunger, ambayo Julai 1943, ikiwa pamoja na Permit na Lapon, ilipenya hadi Bahari ya Japani, bahari iliyozingirwa na nchi kavu na yenye milango michache, myembamba; mwezi uliofuata aliirudia safari hiyo ya hatari pamoja na Wahoo. Baadaye alifikia ngazi ya uadmirali. Connolly, aliyekuwa rubani, naye alifika huko.

Galbraith alikuwa ndani ya manowari Houston ilipozamishwa katika Mlango wa Sunda tarehe 1 Machi 1942. Yeye, aliyeikosa dhahabu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, alinusurika, akachukuliwa mateka na Wajapani.