Kiwanja chini ya mawe Bugarika: "halijawahi kushuka" si kipimo

Mkuu, umeuliza kama ununue kile kiwanja cha Bugarika, hapa Mwanza, kilicho chini ya mawe makubwa, kwa kuwa muuzaji anaapa tangu enzi za babu yake hakuna jiwe lililowahi kushuka. Nakujibu kwa urefu maana kazi yangu ndiyo hii: jiolojia ya uhandisi, miaka 11 sasa, minne ya mwanzo nikiwa mgodini nikilinda kuta za shimo zisituangukie.

Kauli ya babu naiheshimu, ila inabeba miaka 60 au 70 tu. Poromoko kubwa lina kalenda yake. Tuseme mteremko una uwezekano wa kuporomoka wa 1 kwa 1,000 kila mwaka. Unaonekana mdogo, lakini ishi hapo miaka 50, unakaribia asilimia 5. Kwa nyumba wanamolala watoto, mimi siikubali.

Kwa hiyo ardhi tunaihoji kabla ya watu. Tunatafuta makovu: mlima uliomegeka, na chini yake tuta la mawe na udongo vilivyochanganyika ovyo, si kama mto unavyopanga mchanga wake. Ukikuta gogo lililofukiwa humo, maabara hupima kaboni yake na kukupa umri. Ukipata matukio mawili matatu ya namna hiyo, unaanza kuona yanapishana kwa muda gani. Kisha unapima yalifika wapi, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu poromoko kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo linavyokwenda mbali kuliko macho yanavyokisia. Kule Frank, Kanada, mwaka 1903, mwamba wa takriban mita za ujazo milioni 30 ulivuka bonde ndani ya dakika mbili hivi.

Vajont, Italia, ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 1960 ufa wa karibu kilomita 2 ulionekana mlimani juu ya bwawa. Wahandisi wakaamini wataudhibiti kwa kupandisha na kushusha maji. Oktoba 9, 1963 mlima ukaingia bwawani, wimbi likaruka ukuta, watu wapatao 2,000 wakafa. Ukuta wenyewe bado umesimama. Na sisi tumezika wenzetu zaidi ya 80 kule Hanang, Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka mlimani.

Sasa Mwanza. Mawe yetu ni matale (graniti), na hakuna aliyeyapanga: mwamba ulioza kufuata nyufa zake, mvua ikasomba udongo, viini vigumu vikabaki vimebebana. Hofu yangu hapa ni jiwe mojamoja kuliko mlima mzima. Maswali hayabadiliki: limekaa juu ya nini, nini kimeshawahi kushuka, na kilisimama wapi?

Jirani mmoja wa Igogo aliniita kuangalia jiwe kubwa kama daladala nyuma ya jiko lake. Juu lilikuwa na yale madoa ya kijivu yanayoota taratibu mno. Chini, upana wa kiganja, lilikuwa jeupe, safi kabisa. Maana yake udongo ulikuwa umeshuka karibuni. Vijana walikuwa wakichota kifusi pale. Nikasukuma nondo chini ya jiwe, ikazama hadi kiwiko. Kwenye ufa wa pembeni nikapaka plasta na kuandika tarehe. Masika ilipopita, plasta ilikuwa imekatika, mstari mwembamba kama unywele. Siku hiyohiyo tulihamisha vitanda vya watoto chumba cha mbele, na baadaye familia ikahama.

Wewe usilipe chochote kabla vuli haijapita. Tembea chini ya kiwanja, hata mita 100 au 200, uangalie kama kuna mawe yaliyolala peke yake juu ya udongo. Hayo yalitoka juu. Uliza nani anachimba kifusi au kupasua kokoto pale juu, na maji ya mvua yanapita wapi. Halafu nitumie picha, ila za chini ya mawe pale yanapogusana na udongo. Za juu hazitanisaidia.