Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayoikoromesha Redio

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala hapa Tanga, na nimejitengenezea kasha la kompyuta la mbao ya mninga lenye dirisha la plastiki angavu ubavuni. Kila niiwashapo kompyuta hiyo, redio ya FM iliyomo chumbani huanza kukoroma na stesheni za mbali hupotea kabisa. Nimelibandika kasha kwa ndani vipande vya foili ya jikoni, nikavipanga kando kwa kando na kuliacha dirisha wazi, lakini mkoromo umepungua kidogo tu. Hata simu niliyoifungia humo iliita kama kawaida. Je, niongeze tabaka la pili la foili, au ninunue bati nene? — Msomaji, Tanga

JIBU: Bati usinunue. Katika masafa ya FM, yaani megahezi 88 hadi 108, mkondo unaoamshwa na mawimbi ya sumakuumeme hupita juu juu tu ya metali, na katika alumini hufifia hadi kama theluthi yake kila unapozama mikroni 8 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Foili ya jikoni kwa kawaida ina unene wa mikroni 10 hadi 20, na tena sehemu kubwa ya wimbi hurudishwa na uso wa metali hata kabla ya kuzama. Bati nene la chuma lingekuwa na maana kama ungekuwa unapambana na uga wa sumaku wa transfoma, ambao kwa hezi 50 hupenya alumini nyembamba kana kwamba haipo. Tatizo lako si hilo.

Tatizo lako ni mianya, na mwanya hupimwa kwa urefu wake, si kwa upana wala eneo. Pale vipande viwili vinapokaribiana bila kugusana, mkondo hukatizwa na kulazimika kuuzunguka ufa, nao ufa huo, hata ukiwa mwembamba kama unywele, hurusha mawimbi kama antena. Ufa wa sentimita 45 kwenye megahezi 100, ambako wimbi lina urefu wa mita 3, hukuachia kinga ya desibeli 10 tu au zaidi kidogo (kila desibeli 10 hupunguza nguvu inayovuja mara kumi). Ukiukatakata kwa skrubu kila baada ya sentimita 5, kila kipande kinachobaki hukupa karibu desibeli 30, yaani nguvu inayovuja hupungua mara 1,000 badala ya mara 10. Ndiyo maana matundu mia moja ya duara yenye kipenyo cha milimita 4 kwa ajili ya feni hayana madhara makubwa, ilhali mstari mmoja wa mfuniko usiogusa vizuri huharibu kazi yote. Wewe ni fundi wa mkono, kwa hiyo fanya kama wahunzi wa bati: zikunje kingo za foili pamoja, metali kwa metali, kisha uipitishe foili juu ya ukingo wa kasha na wa mfuniko ili vinapofungwa zikutane foili mbili, si mbao mbili. Ukipendelea tepu, chagua ile ambayo gundi yake inapitisha umeme, kwa kuwa nyingi za madukani hazipitishi. Dirisha nalo lifunike kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, uliogusana na foili pande zote nne, kama ulivyo mlango wa jiko la maikrowevu.

Zikisha kazi hizo, huenda redio ikaendelea kukoroma, na hapo mshukiwa ni nyaya. Kebo ya skrini yenye urefu wa mita moja na nusu ni nusu kamili ya wimbi la FM, kipimo kile kile ambacho mtu angekichagua akitaka kutengeneza antena. Zichomoe kebo moja baada ya nyingine huku ukisikiliza, nawe utaijua iliyo na makosa. Mazabodi nyingi, yaani bodi kuu za kompyuta, huuzwa pamoja na bati jembamba lenye vidole vya springi, na waundaji wa makasha ya mbao hulitupa kwa kuwa hawana pa kulipachika. Kama bado unalo, lipachike, na foili iligusane nalo pande zote, kwa maana hapo ndipo ngao ya kila kebo, yaani metali inayozizunguka nyaya zake za ndani, inapokutana na ukuta wa kasha. Pete ya feraiti, yaani kauri yenye sifa za sumaku, ikibanwa kwenye kebo karibu kabisa na soketi husaidia pia.

Jaribio la simu lisikukatishe tamaa. Karibu na mnara, simu hupata mawimbi yenye nguvu mara maelfu kuliko inavyohitaji, kwa hiyo huita hata ndani ya kasha lenye kinga nzuri kiasi. Pima kwa redio yako.

Muhimu kuliko yote, unganisha foili na waya wa ethi (waya wa ardhi) wa pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, na hakikisha soketi ya ukutani ina ethi ya kweli. Kinga yenyewe haihitaji ardhi, lakini uhai wako unaihitaji. Kichujio cha pawasaplai isiyo na ethi hulitia kasha karibu nusu ya volti 230, na ndicho chanzo cha ule mtekenyo unaousikia ukiligusa kwa mgongo wa mkono.

SWALI: Kasha langu ni la chuma la kiwandani na halikuwa na matatizo lilipokuwa jipya. Sasa, baada ya miaka kadhaa hapa Unguja, redio inakoroma. Je, metali huchoka? — Msomaji, Unguja

JIBU: Haichoki, ila viungo vyake hushika kutu, na kutu haipitishi umeme. Fungua mfuniko, tazama mahali vidole vya springi vinapogusa; kama pamefanya weusi au ukungu, pasugue kwa msasa laini hadi metali ing'ae, kisha ufute vumbi lake lote lisidondokee kwenye mazabodi. Usipake rangi hapo. Vidole vilivyolegea vibadilishe kwa vya chuma kilichopakwa bati jeupe, na kama kasha lina sehemu za alumini, usitumie shaba tupu dhidi yake, kwa kuwa katika hewa ya chumvi alumini italiwa upesi.