Fundi anasema GTX 1060, mke wangu anasema nitapoteza hela

*Shangazi, shikamoo. Nina Dell OptiPlex 7020 ya mwaka 2014, lile kasha jembamba: prosesa i5-4590, rami GB 4, hard disk ya GB 500. Nataka kucheza GTA V na EA Sports FC 26 na mwanangu. Fundi ana kadi ya picha ya GTX 1060 ya mtumba, anasema ataiunga kwa waya wa kugeuzia. Mke wangu hataki kusikia. Niiboreshe au ninunue nyingine? – Baba Junior, Mwanza*

Marahaba, Baba Junior. Hiyo 1060 mrudishie mwenyewe. Kasha lako linapokea kadi za nusu kimo tu, kwa hiyo haitaingia. Hata ingeingia, inakula wati 120 na tundu la kadi linatoa 75. Zinazobaki hupita kwenye waya wa pini 6, ambao pawa saplai yako ya wati 255 haina. Ule wa kugeuzia kutoka SATA, yaani plagi ya umeme ya diski, unaweza kuyeyuka, maana plagi hiyo ilitengenezwa kulisha diski tu. Na pawa saplai ya dukani haikusaidii: ubao mama huo unatumia plagi ya pini 8, si zile 24 za kawaida.

Sasa gemu zenyewe, na hapo ndipo fundi alipokaa kimya. GTA V, lile toleo la zamani, watengenezaji walipendekeza i5-3470 na rami GB 8. Prosesa yako inapita hapo. FC 26 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya kompyuta. Mashine yako ina 1.2, na hakuna rami wala kadi itakayobadilisha hilo. Windows 11 nayo haiitambui rasmi prosesa hiyo, wakati Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo, kama Junior anaililia FC 26, usiweke hata shilingi kwenye rami ya DDR3, aina inayotumiwa na mashine yako: haihamii kwenye mashine mpya. Tafuta mtumba wenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, mfano OptiPlex 7060 yenye i5-8500, kasha refu si jembamba, rami GB 16 kwa vipande viwili vya 8. Mpya kabisa ya dukani kwa bei hiyohiyo mara nyingi nayo huja bila kadi ya picha, na hapo unalipia harufu ya boksi.

Kama GTA inatosha kwa sasa, nunua vinavyohamishika kwenda mashine nyingine baadaye. SSD (diski ya kasi) ya SATA ya GB 480 (ya 240 itajaa, gemu hiyo peke yake inazidi GB 100) na kadi ya Nvidia T1000 ya GB 4: nusu kimo, nene tundu moja, wati 50, haihitaji waya. Matundu yake ya skrini ni mini DisplayPort, basi nunua na kigeuzi cha HDMI. Rami ongeza kipande kimoja tu cha DDR3 cha GB 4, cha kompyuta ya mezani, si cha laptop. Ukishafunga, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi. Wengi huuacha kwenye ubao mama kisha wanadhani kadi imekufa.

Ukienda kununua ile ya kizazi cha nane, bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, uone 2.0. Nenda na Mama Junior, aione skrini hiyo kabla hujatoa hela.