Maswali na Majibu: Kando ya Kitanda cha Anayeaga

*Shikamoo dada. Baba hajawahi kuamini Mungu. Sasa amebakiza siku chache na ndugu zangu wanataka kuleta mchungaji "amwokoe". Nifanyeje?*

Marahaba. Muulizeni mwenyewe, maadamu bado anajibu: "Baba, kuna watu wangependa kukuombea. Waje?" Akikataa, yameisha. Ndugu wafanye maombi yao katika chumba cha pili. Dua haihitaji mgonjwa ashikwe kichwa.

Niliwahi kumuuguza mzee wa aina hiyo. Kila mgeni alipofungua kitabu cha dini, yeye aligeukia ukutani. Siku moja binti yake akaja na albamu ya picha, akawa anamtajia waliomo mmoja mmoja. Alipofika kwa mtu fulani, mzee akageuka, akasema, "Huyo nilimkosea." Mtu yule akapigiwa simu jioni ileile. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967 na kuipa tiba shufaa (ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito) sura tunayoijua leo, alikuwa akizungumzia maumivu ya jumla: mwili, moyo, mahusiano na roho vinauma kwa pamoja. Asiye na dini naye anayo hayo, ila kwake dawa huenda ikawa simu moja tu.

*Mimi Mkristo, namuuguza jirani Mwislamu asiye na ndugu karibu. Saa ikifika nifanye nini?*

Usingoje saa ifike. Tafuta mapema Mwislamu mwenzake atakayekuja kumlakinia shahada, yaani kumtamkia ili naye aifuate. Hutamkwa polepole karibu naye, bila kumshurutisha. Akishaitamka huachwa, na hukumbushwa tena iwapo amezungumza jambo jingine, ili iwe kauli yake ya mwisho. Wengi hupenda kulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, lakini kama kumgeuza kunamuumiza, mwache alivyo.

Wewe hulazimiki kutamka usichokiamini. Kama aliomba, mwekee kisomo cha Kurani kwa sauti ya chini. Na usisahau midomo: pamba iliyoloweshwa maji, uikamue vizuri, uipitishe taratibu. Usimmiminie maji kinywani, atapaliwa.

*Mama ni Mkatoliki. Tunaogopa kumwita padre, atadhani tumemkatia tamaa.*

Hofu hii naikuta kila mara, na inawanyima wagonjwa kile walichokitaka. Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya padre kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea, haukuwekwa kwa ajili ya pumzi ya mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa (1962–1965), ulisema wazi kwamba wakati wake unaofaa huwa umeshafika pale mtu anapoanza kuwa katika hatari ya kifo kwa ugonjwa au uzee. Hali ikizidi kuwa mbaya, unaweza kurudiwa. Mwiteni padre sasa, mama akiwa bado anaweza kuungama na kumeza Komunyo. Huenda yeye ndiye anayewasubiri ninyi mlitaje jambo hilo.

*Mgonjwa wetu haitikii tena. Kuna haja ya kuongea naye?*

Ipo. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020 ulipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa saa chache kabla ya kufa na hawaitikii chochote; kwa baadhi yao ubongo bado uliitikia sauti. Haijulikani wanaelewa kiasi gani, lakini mimi huwa najitaja jina kabla ya kumgusa mgonjwa. Habari za mirathi na gharama za mazishi mkazizungumzie nje, na mlango mfunge.