Maswali ya "tupe mfano" kwenye usaili: jopo linatafuta nini

Mkuu, umesema jopo lilikutaka usimulie siku uliyotofautiana na bosi wako, ukajibu kwamba wewe hugombani na mtu, wakaandika kitu kwenye karatasi na kuhamia swali jingine. Unauliza swali hilo lina uhusiano gani na uhasibu. Niko idara ya rasilimali watu na nimekaa kwenye majopo mengi ya kuajiri, kwa hiyo nitakujibu kwa ninavyoliona nikiwa upande ule wa meza.

Karatasi uliyoiona ni fomu ya alama. Kila swali linapima sifa fulani, na kila mjumbe anaweka alama zake, kwetu 1 hadi 5, kabla hatujajadiliana. Jibu lako halikuwa baya kwa adabu, ila liliwaacha wajumbe bila cha kupimia. Mhasibu ipo siku ataletewa vocha isiyo na risiti na mkubwa wake, aambiwe "lipa tu". Tunataka kujua yalipokukuta ulifanyaje. Ulilipa? Ulimpandishia sauti? Au ulimfuata mkiwa wawili, ukamwonyesha kanuni inasemaje? Wengi tumelelewa kuona kwamba kusimulia ulivyompinga mkubwa ni utovu wa heshima, na hapo ndipo watu wazuri wanapoteza alama.

Fikra yenyewe ni ya siku nyingi. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, aliandika mwaka 1954 kuhusu kukusanya matukio halisi ya kazini badala ya maoni ya jumla kuhusu mtu. Na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti za njia za kuajiri, usaili wa maswali yaliyopangwa, yale yale kwa kila msailiwa, ndio uliotoka juu katika kutabiri utendaji. Maswali ya kitabia, yaani haya ya "tupe mfano", ni aina mojawapo ya maswali ya usaili huo. Yakiulizwa ovyo, bila fomu, hayasaidii sana, na majopo ya namna hiyo yapo.

Nikupe mfano. Tulikuwa tunatafuta mtunza stoo, tukauliza: "Tueleze siku uliyokuta mali hailingani na leja." Mmoja akasema yeye ni mwaminifu na mchapakazi. Mwingine akasema dizeli ya jenereta ilikuwa inapungua, akaanza kupima tangi kwa kijiti kila asubuhi na jioni, akalinganisha na saa ambazo jenereta iliwaka, akagundua upungufu unatokea wikiendi. Akampelekea meneja daftari, na kuanzia hapo tangi likawa na kufuli na sahihi mbili. Tukamuuliza kijiti kilikuwa na alama za nini, na nani alishika ufunguo wa pili. Alijibu bila kusita. Hadithi ya kutunga huwa inakwama kwenye maswali ya nyongeza kama hayo.

Utasikia watu wakitaja STAR, kifupisho cha Kiingereza cha njia ya kupanga jibu: hali, jukumu, hatua, matokeo. Itumie, lakini hali na jukumu vimalize kwa sentensi mbili. Muda wote uliobaki uweke kwenye hatua, hasa zile ulizochukua wewe. Msailiwa akisema "tulifanya, tukaamua, tukafanikiwa" mwanzo mwisho, sijui yeye alikuwa wapi.

Kwa mliotoka chuo juzi: mna mifano, msijidharau. Field (mafunzo kwa vitendo) inahesabika. Duka la nyumbani pia. Hata uweka hazina wa kamati ya harusi, ukieleza ulivyofuatilia ahadi na ulivyotoa hesabu mbele ya kikao, ni ushahidi mzuri kwa kazi ya fedha. Kama kweli hujawahi kukutana na wanachouliza, sema hivyo, kisha omba kutoa tukio linalokaribiana. Mimi huwa nakubali.

Kwa usaili wako ujao, chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila jukumu, na kwa kila moja tafuta tukio lako lenye mahali, kiasi na matokeo. Ukitaka, weka hapa majukumu ya tangazo hilo tuyapitie.