Pinde za Kale: Maswali Yenu

Babu yangu, Mkamba, ameniachia upinde. Nikiuvuta hautavunjika? (Kitui)

Anza na mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha. Pitisha pamba juu yake polepole. Ikinasa, huenda pana ufa au nyuzi za mti zimeinuka, na upinde huo ni wa kutundikwa ukutani tu. Upande unaokutazama wewe, tafuta mikunjo myembamba inayokata mti kwa mapana. Ukiwa mzima, uzoeshe kwa kuvuta kidogo kidogo, wala usipite urefu wa mishale ya babu, maana ndiyo kipimo alichouchongea. Usiachie upote, yaani kamba ya upinde, bila mshale: nguvu ambayo ingeondoka na mshale hubaki kwenye mti na kuupasua. Ukimaliza, legeza upote. Na yule shemeji mwenye misuli anayetaka "kujaribu kidogo", mnyime.

Kwenye podo mna mishale iliyofungwa kingozi kichwani. Sumu ya zamani hivyo si imeshakufa? (huyo huyo)

Thubutu! Sumu ya Wakamba, na ya Waata wa upande wa Tsavo, huchemshwa kutokana na mti uitwao msunguti, na ikiingia kwenye damu huvuruga moyo. Kingozi kiliwekwa ili isikauke na isimdhuru aliyeibeba. Mishale iliyokaa makumbusho miongo mingi imewahi kupimwa ikakutwa bado kali. Usikifungue, usikwangue, usiitumie kwa mazoezi. Vaa glavu nene, iweke kwenye kopo gumu lenye neno SUMU, mbali na watoto, kisha waulize watu wa makumbusho.

Nipake vanishi? (Moshi)

Hapana. Kitambaa kikavu kinatosha.

Pinde za Waingereza wa kale zilishinda zetu kwa nguvu? (Mombasa)

Meli ya kivita ya Waingereza, Mary Rose, iliyozama 1545 na kuibuliwa 1982, ilikuwa na pinde zaidi ya 100. Wataalamu wanakadiria nyingi zilihitaji mvuto wa kilo 45 hadi 80. Upinde wa Waata wa kuwindia tembo nao huweza kupita kilo 45. Sioni aliyeachwa mbali.

Nitajuaje upinde wa Wahadzabe haukuchongwa kwa ajili ya watalii? (Arusha)

Tazama mahali pa kushikia: mkono wa miaka mingi huacha mng'ao usioigika kwa rangi ya kiatu. Mti uliotumika hubaki umejikunja kidogo hata upote ukilegezwa. Upote wa nailoni si ushahidi wa ughushi, kwani hata wawindaji huutumia. Ukiwa umepambwa kwa ngozi ya chui, achana nao. Bila kibali utaingia kwenye kesi.